Shahidi wetu alikuwa Goziba

Mashine yangu ya kwanza ya mtumbwi ilikuwa Yamaha ya nguvu farasi 15. Niliinunua kwa fedha za dagaa wa misimu miwili, nikajazia mkopo wa kikoba. Siku mashine ilipofika mwaloni Igombe, pale mitumbwi yetu inapotia nanga Mwanza, nilifungua kifuniko, nikachukua msumari, nikakwaruza kwa ndani herufi tatu za jina la marehemu bibi yangu. Herufi ya mwisho ilipinda kwa sababu msumari uliteleza.

Miezi saba baadaye ikaporwa. Ilikuwa giza, kama tunavyoita siku zisizo na mwezi, maana dagaa hawavuliwi kwenye mbalamwezi. Vijana wangu walikuwa mbali na nchi kavu, taa zinaelea, wanasubiri dagaa wajae chini ya mwanga. Mtumbwi mwingine ukawasogelea kama unaomba moto wa sigara. Watu wanne, mapanga na bunduki moja. Wakawalaza kifudifudi, wakafungua mashine, wakabeba betri na taa, wakaondoka. Vijana walipiga kasia mpaka kukapambazuka. Mmoja viganja vilikuwa vimechubuka hata kikombe cha chai akawa hawezi kukishika, nikamnywesha mimi.

Nilikwenda kituoni, nikachukua RB, ile namba ya taarifa ya polisi, na moyoni nikaizika ile mashine. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilometa za mraba 68,800 hivi, na kama nusu yake iko Tanzania. Nani atamtafutia mama wa dagaa injini moja humo? Mpelelezi aliyepewa jalada langu alikuwa kijana mdogo, rika la mwanangu wa pili. Hakuwa na boti wala gari. Alikuwa na daftari na simu yenye kioo kilichopasuka.

Wiki ya tano akabisha hodi kwangu saa tatu usiku. Mvua ilikuwa imemnyeshea, viatu kavishika mkononi, suruali kaikunja hadi magotini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, pita ndani."

Hakukaa. "Mama, zile herufi ulizoniambia, hebu nichoree zilivyo."

Nikamchorea nyuma ya karatasi ya kliniki ya mjukuu, pamoja na ile iliyopinda. Akaitazama muda mrefu, akaikunja, akaitia mfukoni. "Kesho uje uitambue." Alikuwa amepita mwalo kwa mwalo, kwa mafundi wa mashine, akiomba kila mmoja amfungulie kifuniko. Namba ya injini ilikuwa imesagwa kwa tupa mpaka chuma kikang'aa. Herufi za bibi hakuna aliyeziona. Nauli ya kuzunguka kote huko, nilikuja kujua baadaye, ilitoka kwenye mshahara wake.

Mtu mmoja akakamatwa, akafunguliwa kesi ya unyang'anyi wa kutumia silaha. Kosa hilo halina dhamana, na ukipatikana na hatia kifungo hakipungui miaka 30. Akapelekwa mahabusu Butimba. Mwaloni tukashangilia. Nilichinja kuku.

Lakini herufi za bibi yangu zinaonyesha tu kwamba mashine ni yangu, hazisemi nani aliipora. Mpelelezi alinieleza hayo kwenye benchi nje ya mahakama, taratibu, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu. Mimi naitambua mashine. Sura za wavamizi wanazijua vijana wawili tu waliokuwa mtumbwini. Na kumtambua mtu usiku kuna masharti yake: tangu shauri la Waziri Amani, mwaka 1980, mahakama zetu zinataka kujua mwanga ulikuwa mkali kiasi gani, mliachana umbali gani, mlimwona kwa muda gani, mlikuwa mnafahamiana kabla au ndiyo mara ya kwanza. Majibu ya maswali hayo walikuwa nayo vijana wangu. Taa zetu wenyewe za kuvulia dagaa ndizo zilizowamulika wale watu.

Mimi nilitoa ushahidi wangu. Siku ya vijana ilipofika, mmoja alikuwa Goziba, kisiwani, amefuata dagaa. Mwingine simu haipatikani. Ikaahirishwa. Mara ya pili wa Goziba alisema atakuja, kisha akasema tajiri wake mpya hampi ruhusa, na nauli hana. Nauli hiyo ningeweza kutuma mimi. Nilikuwa na marejesho ya kikoba wiki ile, nikajiambia serikali itajua la kufanya. Mpelelezi alinipigia mara tatu, nikapokea mara moja. Mara ya nne mwendesha mashtaka alisimama akasema hana shahidi mwingine. Hakimu akasoma uamuzi kwa muda mfupi kuliko ninaotumia kupima sado kumi za dagaa. Yule mtu akaachiwa.

Jioni ile mwaloni habari zilikuwa moja tu: polisi wamekula. Wanaume wakubwa, watu ninaowaheshimu, walisema kwa uhakika kabisa kwamba mpelelezi kapewa chake. Nilikuwa nimesimama palepale, nageuza dagaa kwenye chanja. Nilijua ukweli wote. Sikufungua mdomo. Mpaka leo hilo linaniuma kuliko mashine.

Najua rushwa ipo. Nimewahi kuombwa "hela ya mafuta" kwenye kituo kimoja, na nisingependa mtu asome hapa kama natakasa kila mwenye sare. Lakini anayefanya kazi kwa haki tunamwacha peke yake, kisha tunamtukana pamoja na wala rushwa. Na huyo peke yake anarudi kulala mitaa hiihii. Mwanza hatujasahau Oktoba 2012, Kamanda wa Polisi wa Mkoa, Liberatus Barlow, alipopigwa risasi na kufa usiku pale Kitangiri. Kama kamanda hakusalimika, konstebo anayetembea kwa miguu gizani ana nini?

Baba yangu alikuwa sungusungu, ulinzi wa jadi wa kijiji, huko Usukumani miaka ya 1980, kabla sheria ya 1989 haijawatambua. Mwano, yaani yowe la kuomba msaada, ukipigwa usiku, kila mwanamume anatoka na upinde, na asiyetoka anatengwa: hapewi hata moto wa kupikia. Sitaki yale ya viboko na watu kuteswa yarudi. Lakini ile aibu ya kutoitikia naikumbuka. Kilio cha siku hizi kinakuja kwa karatasi ya wito wa mahakama, nasi tunaitia chini ya godoro.

Kwa hiyo nimekwenda mbele ya kamati ya mwalo na kulisema hili lote, pamoja na kile nilichokificha. Mzee mmoja akainuka akatoka. Waliobaki walikubali: kila mtumbwi unatoa shilingi 1,000 kila giza, ni nauli na chakula cha shahidi, na siku yake ya kazi inafidiwa. Mtu akishashuhudia tukio, tunaandika namba yake na namba za ndugu zake wawili kabla hajahama kambi. Anayeogopa kulipiziwa kisasi tunampeleka kwa mkaguzi wa polisi wa kata akaelezwe, maana sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi ipo tangu 2015. Daftari ninalo mimi.

Yule kijana amehamishiwa mkoa mwingine. Nilimpigia nikamweleza, akakaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Na yule wa Goziba mama, mkono wake ulipona?"

Alhamisi kuna kesi ya mama wa Kayenze aliyeporwa nyavu. Mashahidi ni wawili. Mmoja amefika jana jioni, amelala kwangu. Wa pili anavuka leo kutoka Ukerewe na nauli nimeshamtumia. Hiace inatoka mwaloni saa kumi na mbili asubuhi.