Risasi Isiyojaa Mtutu

Boksi lilikuwa zito kuliko lilivyoonekana. Ndani mlikuwa na risasi mia moja za kusubu, zinang'aa kama fedha, ngumu hivi kwamba ukizikwaruza kwa ukucha haziachi alama. Hicho ndicho kilichoninunulisha. Bunduki yangu ya leva, ule mkono wa chini unaoingiza risasi chumbani, ni ya .45-70, aina ya risasi nene, na teke lake bega langu linalijua. Nani angeiwekea kitu laini?

Risasi ya kusubu, kwa asiyeijua, ni madini ya risasi yaliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, bila koti la shaba juu yake. Kiswahili kimetupa jina moja kwa madini na kwa kile kinachotoka mtutuni, na mimi nikajifanya risasi ni risasi tu. Nikazipachika kwenye maganda kwa kipimo cha chini kabisa cha baruti kilichomo kitabuni, nikaenda kwenye kiwanja cha shabaha nikijiona fundi.

Ya kwanza ikatoboa karatasi. Ya pili pia, lakini mbali na mwenzake. Kufika ya nane, matundu hayakuwa duara tena. Yalikuwa marefu kama kokwa za tende. Risasi zilikuwa zinafika ubavu ubavu.

Mzee mmoja aliyekuwa meza ya jirani alinyamaza mpaka nilipomaliza. Kisha akaniambia niifungue bunduki, tukahakikisha wote wawili kwamba haina kitu, akamulika tochi.

"Chungulia."

Mtutu mzima ulikuwa na magamba ya kijivu, yamejibandika kando ya mifuo, ile mistari iliyochongwa ndani ili kuizungusha risasi, kama ukoko kwenye sufuria.

"Mwanangu, hizi hukuzipiga. Umezipaka."

"Lakini ni ngumu, Mzee."

"Sijauliza ugumu. Zina unene gani?"

"Inchi 0.458. Imeandikwa kwenye boksi."

"Hiyo ni habari ya boksi. Ya mtutu wako je?"

Sikuwa na jibu. Jioni nzima niliimaliza nikisugua magamba yale kwa brashi na nyuzi za shaba, na mikono niliinawa mara tatu kabla ya kugusa chakula, maana risasi ni sumu hata ikiwa haijapigwa.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwake. Akatoa kidonge cha risasi tupu, isiyochanganywa na kitu, kinene kidogo kuliko tundu la mtutu, akakipaka mafuta. Leva wazi, chumba kitupu. Tukakianzisha mdomoni mwa mtutu kwa nyundo ya mbao: tok, tok, mpaka kikazama, ukabaki utepe mwembamba wa risasi iliyonyolewa pembeni. Baada ya hapo kazi ikawa ya ufito wa shaba. Nakumbuka mkono ulivyohisi: kizito mwanzoni, halafu mwendo mmoja laini hadi mwisho. Mzee alifurahi kwa hilo. Kingekwama mahali kisha kikalegea, tungejua mtutu una sehemu pana.

Kikadondoka juu ya kitambaa, kimechongwa mifuo sita ya bunduki yangu kama muhuri. Mifuo sita ni bahati, kwa sababu kila mmoja una mwenzake upande wa pili na mikromita, kifaa cha kupimia unene, inakaa vizuri. Ingekuwa mitano ningehangaika. Nikapima mara nne. Inchi 0.459.

Kisha akanipa mikromita ileile na moja ya risasi zangu zinazong'aa. Haikufika hata 0.458 kamili.

Hapo ndipo nikaelewa nilichokuwa nimefanya. Risasi nyembamba kuliko mifuo inaacha upenyo, na gesi ya moto inapita hapo ikiilamba ubavuni na kuibandika mtutuni. Iliyo laini kidogo huweza kutanuka kitakoni ikasukumwa na kuziba upenyo. Ngumu, kwa baruti chache kama zangu, inabaki vilevile. Ule ugumu nilioulipia ndio uliokuwa unaniharibia.

"Ongeza sehemu moja ya elfu ya inchi juu ya kipimo cha mtutu, au mbili," akasema. "Mradi chumba kiikubali bila kulazimishwa."

Akapanga mezani aina tatu, zote za 0.460. Ya kwanza ilikuwa na ncha kali na, nikiri, ndiyo iliyokuwa nzuri kwa macho. Akailaza nyuma ya ganda lingine, ncha ikigusa katikati ya kitako chake. Hakueleza. Kwenye bunduki yangu risasi hulala kwenye mrija chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine, na ncha ile ilikuwa imekaa juu ya fataki, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti kikigongwa. Teke moja la nguvu linaweza kutosha. Nikairudisha mwenyewe.

Ya pili ilikuwa ndefu, yenye uzito wa greni 500, kama gramu 32. Tukaipachika kwenye ganda lisilo na baruti wala fataki, nikalipitisha. Likakwama nusu njia. Leva haipandi, haishuki. Dakika ishirini za bisibisi na matusi ya chini chini.

Ikabaki ya tatu: greni 405, pua bapa, na mfuo wa kukunjia mdomo wa ganda ili risasi isisukumwe ndani ikiwa kwenye mrija. Ni uzito uleule wa risasi ya .45-70 iliyochukuliwa na jeshi la Marekani mwaka 1873. Ilipita kwenye leva kama iliyozaliwa humo. Ukucha wangu uliiachia alama hafifu, nami nikawa na wasiwasi hadi siku ya kiwanja.

Mita hamsini, risasi tano. Matundu yote matano, mviringo safi, niliyafunika kwa kiganja. Mzee akamulika mtutuni, akakuta moshi na nta ya kulainishia risasi tu.

Zile tisini na zaidi zilizobaki kwenye boksi tuliziyeyusha, tukazichanganya na risasi tupu ili zilainike. Kile kidonge chenye mifuo sita nacho alitaka kukitupia sufuriani. Nikamshika mkono.