Paka wangu na mzio wa dagaa

Paka wangu alipoanza kujikuna shingoni na nyuma ya masikio mpaka manyoya yakanyonyoka, nilidhani ni viroboto. Kumbe kisa kilikuwa dagaa, chakula alichokizoea tangu utotoni. Daktari wa mifugo aliniagiza nimpe kwa wiki 8 nyama ambayo hajawahi kuila, nami nikachagua ya sungura, iliyochemshwa bila chumvi wala kitunguu, ambacho ni sumu kwa paka, pamoja na unga wa virutubisho, kwa kuwa nyama tupu haina kalsiamu ya kutosha. Manyoya yakaota. Nilipomwonjesha dagaa tena kwa majaribio, alijikuna siku ya tatu. Siku hizi nasoma kila kopo, maana lililoandikwa sungura mbele huweza kuwa na kuku nyuma, kwa herufi ndogo.