Mji Mkongwe kwa miguu, na ndala zikakatika

Jumamosi mimi na baba watoto tulipanda boti ya asubuhi toka Dar kwenda Zanzibar, tukasema leo hakuna teksi wala mtembeza watalii, ni miguu tu. Tukaanzia Darajani, harufu ya viungo na pweza inakufata hadi uchochoroni, na nusu saa baadae hatujui tuko wapi, simu inasema kata kushoto, kushoto kwenyewe ukuta! Mzee mmoja kakaa barazani anacheza bao, tukamwamkia, akaitikia marahaba bila hata kuinua macho, "mshapotea wanangu, fateni kichochoro hicho mtatokea Mkunazini."

Mkunazini ndo paliponikamata. Lile kanisa la Anglikana limejengwa pale pale palipokuwa soko la watumwa lililofungwa 1873, na mbele ya madhabahu kuna duara la marumaru nyeupe kuonyesha ulipokuwa mti wa kuwachapia watu viboko. Mume wangu anaongeaga kama redio ila hapo alinyamaza kabisa. Karibu na mlango kuna nguzo zimesimama kichwa chini miguu juu, wanasema mafundi walizigeuza askofu Steere, msimamizi wa ujenzi, akiwa safarini, sijui kama kweli ila nimeipenda hiyo stori.

Beit el Ajaib, lile jumba la maajabu la masultani, tuliiona kwa nje tu, maana sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, roho iliniuma.

Jioni Forodhani ndala yangu ikakatika, nikala urojo peku peku, na baba watoto anacheka tu.