Kombo alipoanguka: nilivyomuuguza kasuku wetu mwenye degedege

Nianze na lililoniudhi zaidi. Kasuku wetu alipoanguka kutoka kwenye kijiti chake na kutapatapa chini ya tundu, kila aliyeingia nyumbani alikuja na dawa yake. Huyu anasema ndege kapigwa na husda, afukizwe udi. Yule anasema tumtie maji ya ndimu mdomoni. Jirani mmoja, mtu mwema ambaye sina neno naye, alikuja mbio na parachichi lililoiva, eti ale apate nguvu. Nilimshukuru nikalipeleka mbali kabisa na tundu. Parachichi ni sumu kwa kasuku, huenda moja kwa moja kwenye moyo. Na moshi wa udi kwa ndege mgonjwa ni kumaliza kazi iliyoanzwa na ugonjwa. Mapafu yao hayavumilii hata mvuke wa kikaango kisichoshika chakula kikiungua jikoni, wanaweza kufa wakiwa chumba cha pili.

Kombo ni kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Alikuwa wa marehemu mjomba, aliyekuwa baharia, na mjomba alipofariki akabaki na nyanya hapa Mji wa Kale, Mombasa. Kila alfajiri humwamsha nyanya, hukohoa kikohozi chake, na mtu akibisha mlangoni Kombo ndiye huitikia "Karibu!" kabla yetu. Asubuhi ile hakuamsha mtu. Alikuwa amevimbisha manyoya, macho nusu, na nilipomnyooshea kidole hakukishika. Kasuku huficha ugonjwa mpaka nguvu zimwishie, kwa sababu porini anayeonekana dhaifu ndiye anayechukuliwa na mwewe. Kwa hiyo ukimwona wako amekaa chini ya tundu na manyoya yamevimba, usisubiri kesho.

Kabla sijavaa viatu akaanguka. Vidole vya miguu vilijikunja kama ngumi, shingo ikapinda nyuma, mbawa zikawa zinapiga nyavu za tundu. Nilitoa vijiti vyote na vikombe asije akajiumiza, nikatandika taulo chini, nikafunga dirisha la barabarani na kuwanyamazisha watoto. Mdomoni sikumtia kitu. Ndege mwenye degedege hawezi kumeza, maji yataingia mapafuni. Kisha nikachukua simu nikamrekodi.

Nyanya alipandwa na hasira. "We mtoto, ndege anakufa nawe wampiga picha?"

"Nyanya, tukifika kwa daktari atakuwa ameshatulia. Atataka kuona."

Na ndivyo ilivyokuwa. Yule wa kwanza tuliyemwendea, kwa kuwa yuko karibu, hata kutazama hiyo picha hakutaka. Alimwangalia Kombo kwa mbali, akasema ni homa ya kuku, akatupa unga wa manjano wa tetrasaikilini, dawa ya kuua bakteria, wa kutia kwenye maji. Kombo alionja mara moja, akatikisa kichwa, akasusia kikombe kizima. Ikawa sasa mgonjwa na kiu juu yake. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba tetrasaikilini hushikamana na kalsiamu, nayo ndiyo aliyopungukiwa Kombo, kwa hiyo ilikuwa afadhali alivyoisusa.

Jioni alipoanguka tena tulivuka daraja kwenda Nyali kwa daktari wa mifugo anayejua ndege. Alitazama ile video, akairudia, na swali lake la kwanza halikuwa la ugonjwa. "Anakula nini?"

"Mbegu za alizeti," nyanya akajibu. "Hapungukiwi hata siku moja." Na kweli, ndizo zinazouzwa kila duka kama chakula cha kasuku, na ndizo mjomba alizomzoesha.

Daktari akamfunga Kombo kwenye taulo, akatoa damu kidogo shingoni upande wa kulia, ambako ndege wana mshipa mkubwa zaidi. Kalsiamu ilikuwa imeshuka vibaya. Akatueleza kwamba kasuku wa kijivu ndio wanaojulikana zaidi kwa maradhi haya. Alizeti ina mafuta tele na fosforasi nyingi, lakini kalsiamu yake ni kidogo na vitamini A karibu hakuna. Ukichanganya na ndege anayekaa ndani bila jua, hana vitamini D ya kumsaidia hata hiyo kidogo kuingia mwilini. Kalsiamu ikishuka, misuli na neva hukosa utulivu, ndiyo ile kutetemeka na kuanguka. Akachomwa sindano ya kalsiamu, akalazwa usiku ule kwenye kisanduku chenye joto. Kipimo, sindano na kulala vilikula elfu kumi na ushei. Sikuwa nazo zote, shangazi akatuma zilizobaki kwa M-Pesa.

Nimeona watu wanaogopa kumpeleka kasuku kwa daktari kwa kuwa ndege hana karatasi. Wa kijivu yuko kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 2017, na Kenya huwezi kumfuga bila kibali cha KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Mwaka 2025 KWS ilitoa muda wa msamaha, wenye ndege wajitokeze wawasajili bila kushtakiwa, nami nikamkokota nyanya akamwandikisha Kombo. Alinilalamikia sana siku hiyo. Siku ya Nyali tuliingia mlangoni kwa daktari bila wasiwasi.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe. Sindano humwokoa leo, chakula ndicho humwokoa kesho, na kumbadilisha chakula kasuku aliyekula alizeti maisha yake yote ni vita. Daktari aliagiza sukuma wiki, karoti, viazi vitamu vya kuchemsha, na sharubati ya kalsiamu. Mchicha na spinachi akasema visiwe tegemeo, vina kitu kinachoizuia kalsiamu isitumike mwilini. Na alizeti nisiikate ghafla, kwani kasuku anaweza kususa mpaka akafa na njaa huku chakula kimejaa mbele yake.

Nilining'iniza jani zima la sukuma: akalikata shina, likaanguka, akaniangalia. Nililikatakata nikachanganya na mbegu: akachambua mbegu moja moja na majani akayatupa nje ya tundu mpaka sakafu ikawa kijani. Nililichovya kwenye maji ya nazi: akanyonya nazi, jani akatema. Sharubati kwenye bomba la sindano ndiyo kabisa, aliniuma kidole nikatoka damu.

Hapo nikakumbuka kwamba Kombo hajawahi kutamani kitu kilichomo kwenye kikombe chake. Hutamani kilichomo kwenye sahani ya nyanya. Kasuku ni ndege wa kundi, hula anachoona wenzake wanakula, na kundi la Kombo ni nyanya.

Nikamwomba nyanya tufanye mchezo, akaukubali kwa moyo wote. Tulimtoa Kombo tundu likiwa wazi karibu na mkeka. Nyanya akaketi na sahani ya sukuma iliyochemshwa kidogo, bila chumvi wala kitunguu, akatafuna kwa sauti. "Mmh! Tamu hii! Wallahi sijapata kula." Kombo akashuka. Nyanya akaifunika sahani kwa leso na kumpa mgongo. Kombo akazunguka upande wa pili. Nyanya naye akageuka. "Nipe!" Kombo akasema. "Hapana, ni yangu." Wakaenda hivyo, huyu anazunguka, yule anageuka, mimi nimeuma mkono nisicheke. Mwisho Kombo akapenyeza kichwa chini ya leso, akanyakua jani, akakimbia nalo mpaka juu ya tundu. Na alilila! Alilishika kwa mguu mmoja akalimaliza mpaka mshipa wa katikati, akihofia kunyang'anywa.

Kuanzia hapo kila kipya kilipitia sahani ya nyanya. Sharubati ya kalsiamu tuliidondoshea kwenye kipande cha kiazi kitamu, nacho akakiiba. Lakini kisitoke kinywani mwa mtu, mate yetu yana vijidudu vinavyowadhuru ndege. Mvuvi mmoja akanipa pia ule mfupa mweupe wa dome, yule wa jamii ya ngisi, unaookotwa ufukweni. Niliuloweka kwenye maji baridi na kuyabadilisha mpaka chumvi ikatoka, nikauchemsha, nikauanika. Huutafuna akiwa na hasira.

Jua nalo: tundu linatoka uani asubuhi mapema, nusu kivulini ili akizidiwa na joto ajisogeze. Kumweka nyuma ya dirisha la kioo hakusaidii, kioo huzuia ule mwanga unaotengeneza vitamini D. Na usimwache uani peke yake, kunguru wa Mombasa mnawajua.

Kila asubuhi kabla hajala nampima kwenye mizani ya jikoni. Alitoka hospitali na gramu 390, sasa anacheza kwenye 430. Uzito ndio husema kabla ya manyoya. Kinyesi nacho nakitazama kwenye karatasi nyeupe: kijani, cheupe na maji, vyote vitatu viwepo.

Hajaanguka tena. Alipopimwa damu mara ya pili kalsiamu ilikuwa imerudi mahali pake, na daktari akapunguza sharubati. Alizeti bado anapata, mbegu chache, na anazipata akipanda mizani mwenyewe bila kusukumwa.