Viua vya mama

Siku ya Idd mjukuu wa mama alijifunika uso kwa kofia yake mpya, akageukia dirishani. "Shangazi, nyota!" Akahesabu viua, vile vitundu vya kofia vilivyozungushiwa uzi, mpaka akachoka. Mimi nikakumbuka siku ya ile picha.

Nilianza kuuza kofia anazoshona mama kwa simu: usiku, baada ya Isha, kazi za nyumbani zikiisha. Kofia moja ya saizi namba 22 niliiweka juu ya shuka jeupe, nikawasha flashi, nikampelekea mteja wa Maskati, kule ambako kofia hizi huziita kumma. Akajibu: "Ya mashine?" Nikasoma kwa sauti kabla ya kufikiri. Mama alikuwa pale pale. Miezi mitatu ya sindano. Hakusema kitu.

Kesho yake alasiri akaniita mlangoni. Alikuwa ameivisha kofia kwenye ngumi ya kushoto, ameiinua mbele ya ubao mweusi wa mlango, anaizungusha polepole, kama anavyokagua kazi ya mwanafunzi wake. Jua la saa kumi na moja lilikuwa linaingia ubavuni. Ikafika mahali, kila kiua kikapata kivuli chake. Uzi ukainuka juu ya bafta. Nikaona hata pale alipounga uzi mpya. Flashi yangu ilikuwa imevipiga vivuli vyote usoni ikavifuta, na shuka likameza kilichobaki.

"Hapo," akasema. "Piga hapo hapo."

Mkono ulikuwa ukimtetemeka. Akazuia pumzi, nami nikazuia. Nikagusa kioo penye kofia, nikashusha mwanga kidogo weupe usiungue, nikapiga.

Ilitoka nzuri mno, na ndani yake kidole chake cha shahada chenye alama za sindano. Akaitazama kwa muda. "Mkono ukate. Unauza kofia, mwanangu, huniuzi mimi."

Nikaukata. Mteja alilipa siku hiyo hiyo. Tangu hapo sipigi usiku, na wateja wakiomba kumwona mshonaji, nakataa. Ila bado najiuliza kama ni haki kazi ile izunguke dunia bila mkono wake.

Picha nzima sikuifuta. Siku hiyo ya Idd nilimwonyesha mtoto, akauliza mkono wa nani, nikamwambia. Akaenda kwa bibi yake, akamfungua vidole, akaanza kutafuta alama. Mama akanitazama. Hakusema kitu, wala mkono hakuuvuta.