Vipapatio vya oveni, jaribio la 9: ngozi imelia hadi cha mwisho

Dakika 22. Ndio muda uliopita tangu vipapatio vitoke kwenye bakuli la sosi hadi cha mwisho kutafunwa, na ngozi bado ikalia kacha. Jaribio la 8 lilifika dakika 9. La 4 halikufika hata mezani, ngozi ilikuwa imeshalegea kama ya kuku wa mchuzi.

Upande wa kuoka nitaupitia haraka kwa sababu, ukiacha kiasi cha chumvi na unga wa kitunguu saumu, haujabadilika tangu jaribio la 3. Kilo 1 ya vipapatio vilivyokatwa kwenye viungo, ncha zikaenda kwenye supu. Vifutwe kwa tishu za jikoni mpaka tishu itoke kavu, kisha vipakwe chumvi laini gramu 8, bekingi pauda gramu 8 na pilipili manga gramu 2. Vilale usiku kucha kwenye friji, juu ya wavu wa waya, bila kufunikwa, rafu ya chini kabisa ili majimaji yasidondokee chakula kingine. Oveni nyuzi 120 za Selsiasi kwa dakika 30 ili mafuta yaliyo chini ya ngozi yayeyuke na kuchuruzika, kisha nyuzi 220 kwa dakika 40, vikigeuzwa mara moja. Mwenye oveni ya feni apunguze nyuzi 20 kwenye hatua ya pili. Nyama hapo huwa imepita nyuzi 85 karibu na mfupa. Usalama unapatikana kwenye 74, ila kipapatio cha 74 bado kina mpira kwenye viungo.

Bekingi pauda, si bekingi soda. Soda ina nguvu karibu mara tatu na huacha ladha ya sabuni. Na pauda iwe ile isiyo na aluminiamu, maana yenye nayo huleta uchachu wa chuma ulimini, hasa juu ya ngozi ambapo hakuna unga wa kuificha. Unga wa kitunguu saumu nimeutoa kwenye mchanganyiko wa kavu. Kwa nyuzi 220 unaungua na kuwa mchungu kabla ngozi haijaiva.

Kuku wa barafu anahitaji jicho la pili. Wengi wamedungwa maji ya chumvi kiwandani, na ukitia gramu 8 zako juu ya hiyo, sosi ya soya ikifika hakuliki. Soma pakiti. Kama chumvi imeorodheshwa, paka gramu 3 tu.

Sasa sosi, ambayo ndiyo imekula majaribio sita.

Fomula yenyewe haina ajabu: asali gramu 120, siki gramu 60, sosi ya soya gramu 40, kitunguu saumu kilichosagwa gramu 10, tangawizi gramu 5, pilipili kavu iliyopondwa gramu 6. Jumla gramu 241. Ladha ilikuwa sawa tangu siku ya kwanza. Shida ni kwamba kila ilipogusa ngozi, ngozi ilikufa.

Majaribio ya 4 na ya 5 niliipaka ikiwa zimebaki dakika 15 kwenye oveni, kwa fikra kwamba moto utaikausha. Sukari ya matunda iliyomo kwenye asali huanza kubadilika rangi karibu na nyuzi 110, yaani mapema kuliko sukari ya kawaida, kwa hiyo kwenye 220 kingo ziligeuka makaa huku katikati sosi ikiwa bado inachemka na kuvukiza ngozi. Vilitoka vimeungua na vimelowa, vyote kwa pamoja. Hilo sikujua linawezekana.

La 6 nikaingia mtego wa wanga wa mahindi. Kijiko kimoja cha chai kilichokorogwa kwenye maji kidogo, sosi ikawa nzito, inang'aa, inashika kijiko vizuri. Kwa macho ilikuwa tayari. Dakika 3 baadaye ngozi ikawa kitambaa. Hapo ndipo kosa lilipojionyesha: wanga hauondoi maji, unayashikilia tu. Sosi nzito ya wanga ni maji yaliyovaa koti. Yakishafika juu ya ngozi ya moto yanaachiliwa taratibu, na ngozi inayanywa.

Basi nikaacha kuangalia jinsi sosi inavyoshika kijiko nikaanza kuhesabu maji. Asali ina maji karibu asilimia 18, kwa hiyo gramu 120 zinaleta kama 21. Siki karibu yote ni maji, weka 57. Sosi ya soya karibu theluthi mbili, weka 27. Kitunguu na tangawizi kama 10. Jumla ni gramu 115 hivi za maji ndani ya gramu 241. Karibu nusu ya kile nilichokuwa nikimwagia ngozi iliyokaushwa usiku kucha kilikuwa maji matupu.

Vitu vikavu ni gramu 126. Nikitaka sosi yenye maji asilimia 20, nigawanye 126 kwa 0.8, napata 157 au 158. Ndiyo shabaha. Kutoka 241 hadi 157, bila wanga.

Sufuria inapimwa tupu kwanza na uzito wake unaandikwa kwenye mkanda wa karatasi uliobandikwa kwenye mpini, la sivyo utasahau, na sosi ikishaanza kuchemka hakuna muda wa kuimimina kwingine. Sufuria pana, kipenyo sentimita 24, si ile ndogo ya maziwa: kwenye pana maji hutoka kwa dakika 8 au 9, kwenye nyembamba asali hupanda kama maziwa na kumwagikia jiko. Mwanzoni povu ni dogo, jeupe, lina haraka. Karibu na gramu 170 mapovu yanakuwa makubwa na yanapasuka moja moja, polepole, kama uji mzito unaochemka, na ukiburuza mwiko sakafu ya sufuria inaonekana kwa sekunde mbili kabla sosi haijarudi. Hapo ndipo pa kupima, halafu kupima tena kila nusu dakika.

Nafasi ya kukosea ni finyu. Gramu 175, ngozi inalegea ndani ya dakika 5 au 6. Gramu 140, unapata peremende: inashika kama gundi, inang'ang'ania meno, na ukigeuza kipapatio kwa koleo inang'oa ngozi nzima na kubaki nayo. Kati ya 155 na 160 ndipo inapotiririka ikiwa moto na kuganda ikipoa bila kuwa kioo. Jaribio la 8 lilikuwa 166. Gramu 9 tu, na tofauti ni dakika 13 za ngozi kulia.

Kuna gharama mbili. Ya kwanza, siki ikichemka hivyo ukali wake unaruka na mvuke, na sosi inabaki tamu ya kuchosha. Kuongeza siki mwishoni ni kurudisha maji uliyoyafukuza. Dawa ni unga wa ndimu, robo kijiko cha chai, pamoja na ganda la limau lililokwaruzwa. Uchachu mkavu. Ya pili, chumvi ya soya inakolea, ndiyo sababu chumvi ya mchanganyiko wa kavu imeshuka kutoka gramu 12 hadi 8. Siagi gramu 15 inaingia moto ukishazimwa. Inalainisha sosi bila kuleta maji ya maana.

Kugaragaza nako kuna namna yake. Bakuli la chuma lililopashwa moto, kwa sababu la baridi linagandisha sosi ukutani kabla haijafika kwa kuku. Vipapatio vikae nje ya oveni dakika 3 kwanza mvuke utoke. Kisha gramu 100 za sosi tu, si zote 157, virushwe mara nane au kumi na virudi kwenye wavu. Visirundikwe sahanini. Kinachobaki kiwekwe pembeni cha kuchovya, maana dimbwi la sosi chini ya bakuli ndilo linaloua vipapatio vya mwisho. Na asifunike mtu, hata kwa foili "kidogo tu visipoe".

Vifaa, kwa kuwa nimeshaanza kulalamika. Mizani ya jikoni inayosoma gramu 1 imenifaa kuliko kipimajoto chochote kwenye kazi hii. Kina cha sosi hakifiki hata nusu sentimita, ncha ya kipimajoto inagusa chuma na kusoma joto la sufuria. Bastola ya kupima joto kwa mwanga nayo hudanganywa na chuma kinachong'aa. Brashi ya silikoni inateleza juu ya ngozi kavu na kuacha madoa, bakuli linaishinda. Mkeka wa silikoni kwenye trei, hapana kabisa. Chini ya vipapatio panatakiwa hewa, na mkeka unaipa ngozi ya chini kitanda cha mvuke. Kipimajoto pekee ninachokitetea ni kile kidogo cha kuning'iniza ndani ya oveni. Oveni yangu ikiambiwa 220 inatoa 205, na hilo peke yake lilieleza majaribio mawili ya kwanza.

Mpango wa jaribio la 10 ulikuwa kuhamia kwenye mapaja yenye mfupa. Umesogezwa, kwa sababu ya trei.

Baada ya dakika 30 za nyuzi 120, kabla ya kupandisha moto, trei huwa na mafuta ya kuku safi, ya manjano, yasiyoungua. Nilikuwa nikiyaacha yapande hadi 220 na kutoa moshi. Safari hii niliyamimina nje: vijiko vinne vya chakula, na majimaji kidogo chini yake. Moshi ukaisha, ila wazo lililokuja ni jingine. Ukali wa pilipili huyeyuka kwenye mafuta, kwenye maji hauyeyuki vizuri. Pilipili yangu yote imekuwa ikichemka ndani ya siki na asali, inavimba, inachukua nafasi na kuwa chungu kidogo.

Kwa hiyo la 10: mafuta yaenguliwe juu ya majimaji, yapashwe taratibu mpaka yaache kutoa vipovu, yaani maji yameisha. Moto uzimwe, yapoe hadi kama nyuzi 110, gramu 6 za pilipili ziingie na zikae dakika 20, yachujwe. Kuku akitoka anagaragazwa kwanza kwenye vijiko viwili vya mafuta hayo, ndipo gramu 100 za sosi isiyo na pilipili zifuate. Ninachotaka kuona ni kama tabaka la mafuta litaizuia sosi isiguse ngozi moja kwa moja, au kama sosi itateleza na kuishia kwenye wavu. Nashuku itateleza, hivyo nusu ya kilo itapitia mafuta na nusu itafuata njia ya jaribio la 9, kwenye trei moja, saa moja ya ukutani. Vipapatio viko friji tangu saa mbili usiku.