Gitaa, nukta nundu na Misa ya Jumapili

Kigango chetu wilayani Masasi hakina kinanda. Kina gitaa langu, ngoma moja, kayamba, na sauti za watu wanne wa nyumba moja: mke wangu sauti ya kwanza, binti yetu ya pili, mdogo wangu besi, na mimi najaza ya tatu huku napiga. Sioni tangu utotoni. Kile ambacho mpiga gitaa mwingine hukipata kwa kutazama kitabu, mkono wa mwalimu wa kwaya au padre aliyeko altareni, mimi nakipata kwa vidole, kwa sikio na kwa bega.

Nianze na kadi, maana ndizo zilizonifungua. Nyimbo zetu nyingi zimeandikwa kwa solfa, na hapo asiyeona ana bahati: d, r, m, f, s, l, t ni herufi tu. Binti ananisomea, mimi naandika nukta nundu, maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole, kwa kibao cha mkono na kisindano chake. Ukiandika kwa kibao unatoka kulia kwenda kushoto, kwa sababu nukta hutokeza upande wa pili, na karatasi ikigeuzwa ndipo inasomeka kawaida. Karatasi ya daftari haifai. Nukta zake hulala baada ya wiki chache, na masika ni mapema zaidi. Nakata manila, wimbo mmoja kadi moja: mstari wa kwanza namba ya wimbo na maneno matatu ya mwanzo, wa pili do ni noti gani, wa tatu noti za kuanzia za kila sauti, wa nne kodi za gitaa, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja. Basi. Mengine yote yakae kichwani, kwa sababu mikono ikishapiga haiwezi kusoma.

Kodi naziandika kwa namba, si kwa herufi. Ni utaratibu wa wanamuziki wa studio za Nashville, Marekani, kule kwenye muziki wa kantri, ambao Neal Matthews Mdogo wa kundi la Jordanaires aliuanzisha miaka ya 1950 mwishoni. Kodi ya do ni 1, ya fa ni 4, ya so ni 5. Mke wangu akiamka na mafua na wimbo wa ufunguo wa A, yaani do yake ni A, ukawa juu mno kwake, tunashuka G na mstari wa kodi unabaki ule ule: 1, 4, 5 sasa ni G, C, D.

Hapa pana mtego ambao sijawahi kusikia anayeona akiufikiria. Katika nukta nundu, tarakimu hutumia alama za herufi za mwanzo: 1 ni a, 4 ni d, 5 ni e. Kinachozitenganisha ni alama ya namba inayotangulia. Ukiisahau, "1 4 5" inasomeka "a d e", na A, D, E ndizo kodi tatu kuu za ufunguo wa A! Kwa hiyo kosa halijitangazi. Unapiga kwa uhakika kabisa, kodi zinafuatana vizuri, ila waimbaji wanaanza G na wewe uko A. Siku hizi naweka alama ya namba mbele ya kila tarakimu, hata kama inakula nafasi.

Vidole navyo vina mgawanyo wa kazi. Ncha za mkono wa kushoto zimeota sugu kwa nyuzi za chuma, na sugu haihisi nukta. Nasomea kidole cha shahada cha kulia, na kidole hicho nakilinda. Msimu wa korosho, Oktoba hadi Desemba, nyumba nzima iko shambani, nami naokota na kutenganisha mabibo, lakini kubangua sigusi mikono mitupu. Mafuta ya ganda yanaunguza ngozi, ngozi inabambuka, na mtu wa nukta nundu anakuwa amepoteza kusoma kwa wiki nzima au zaidi.

Upigaji wangu nimeuchota kwa Doc Watson, mpiga gitaa wa Marekani aliyezaliwa 1923 katika milima ya North Carolina, asiyeona, aliyepiga na mwanawe Merle miaka mingi hadi Merle alipofariki 1985. Alijulikana zaidi kwa pleki, kile kipande kidogo cha kukwangulia nyuzi, lakini mimi nilichohitaji ni dole gumba lake. Gumba linatembea kati ya nyuzi mbili za besi bila kusimama: kwenye G uzi wa sita kisha wa nne, kwenye C wa tano kisha wa nne, kwenye D wa nne kisha wa tano. Vidole vingine vinaokota wimbo juu. Gumba likiwa imara, mpiga ngoma asipokuja Misa inaendelea, na waimbaji wanasikia pa kukanyaga. Likiyumba, wazee wa nyuma wanaburuta na hakuna wa kuwarudisha. Nafanya robo saa kila jioni ya gumba peke yake, polepole kuliko ninavyopenda.

Kutuni nafanya kwa noti moja tu, A. Nachukua A ya hezi 440 kwenye simu, nagusa uzi wa tano juu ya fireti ya tano, kile kipande cha chuma kilicholala kwenye shingo ya gitaa, bila kuukandamiza ili ulie ule mlio mwembamba, nasikiliza mawimbi ya "wuu-wuu" yapungue hadi yafe. Kisha kila uzi unalinganishwa na A hiyo hiyo: wa sita fireti ya 5, wa nne ya 7, wa tatu ya 2, wa pili ya 10, wa kwanza ya 5. Ukituni uzi kwa uzi unaofuata, kakosa ka kwanza kanabebwa hadi mwisho, na kodi ya G inalia kama imekasirika.

Nyuzi mpya nabadilisha mmoja mmoja, ili zilizobaki zinipe sauti ya kulinganishia. Rangi za vifundo vya mwisho hazinisaidii. Nyembamba mbili, zenye unene wa milimita 0.30 na 0.41, nazipambanua kwa kuzisugua ukucha. Tukitoka kuimba Mikindani, nyuzi zinafutwa kwa kitambaa cha pamba usiku ule ule. Hewa ya chumvi haisubiri asubuhi.

Ndani ya Misa sihitaji sana kuoneshwa, na hili ndilo linalonigusa kuliko yote. Maneno ya ibada hayabadiliki, kwa hiyo ni kama njia ya nyumbani: najua kila kona. Msomaji akisema "Neno la Bwana" na watu wakajibu "Tumshukuru Mungu", vidole tayari viko kwenye kodi ya wimbo wa katikati. Utangulizi ukifika ukingoni, "Mtakatifu" iko mkononi. Sijawahi kujihisi mgeni hapo.

Palipo kimya ndipo ninapohitaji familia. Foleni ya komunyo haina maneno ya kunijulisha imefika wapi. Binti anasimama kushoto kwangu: akigusa bega mara moja naanza, mara mbili namalizia na ubeti huu. Bega la kulia halifai, linavuta mkono unaopiga. Watu wakibaki wachache ananinong'oneza, "Baba, watatu," nami napunguza gumba, besi inashuka, na mke wangu anajua bila kuambiwa kwamba ubeti huu ni wa mwisho.

Jumamosi baada ya sala ya jioni tunapitia nyimbo zote kwa mpangilio wa Misa, taa imezimwa, wote wanne. Gizani wanaacha kunitazama mikono na wanaanza kusikiliza pumzi yangu kabla ya kila ubeti. Kadi nazipanga kwenye bahasha, ya mwanzo juu, pembe ya kulia ya kila moja imekatwa ili nisiishike kichwa chini.